Glavu Juu ya Jicho la Kisanduku

Mzamiaji walimwita Kobe kwa vile alivyojivuta akiwa nchi kavu, lakini akishaingia majini, we, humkamati. Kazi yake ilikuwa kufuta ukoga kwenye visanduku. Vilikuwa vinane, vimefungwa kule chini kwenye matumbawe, vinapima joto, chumvi na mwanga. Kila kimoja kina boya lake juu, na maboya yanapeana habari bila waya wowote, hili linalipasha lile, lile linalipasha jingine, kila dakika tatu, mpaka kwenye kompyuta ya ofisini anakokaa mke wa Kobe kutwa nzima.

Wenyewe wawili walikuwa na mambo yao. Kobe akimaliza kufuta anaziba kwa kiganja jicho la kisanduku linalopima mwanga mpaka habari itoke, mkewe anaona giza, anajua mume kamaliza. Mara moja tu.

"Ukiziba mara mbili," alimwambia siku moja, "nitajua umepatwa na jambo, au umelewa."

Sasa siku hiyo, saa tano asubuhi, jua linawaka, Kobe yuko kwenye kisanduku cha sita, mlipuko ukapiga. Maji yakambana kichwa kama kimebanwa na mlango. Masikio yakapasuka, damu ikajaa kwenye miwani. Samaki wakaanza kushuka matumbo wazi.

Akatazama juu. Mashua mbili. Moja ni yake, alimomwacha shemeji yake, kaka wa mkewe. Nyingine ya watu wa baruti, wavuvi haramu, na wameifunga kwenye boya la kisanduku hichohicho wasichukuliwe na mkondo. Watu wazima hao! Habari za visanduku ndizo zilizoonyesha kortini matumbawe yalivyoharibiwa, wenzao wakaenda jela, na wao wanajifunga hapo kama mbuzi.

Mara kichwa cha shemeji kikaingia majini, kimeshikwa kisogo. Kikatolewa. Kikaingia tena, meno ya mbele hayapo. Shemeji mwenyewe alikuja kusimulia walivyokuwa wakimuuliza.

"Mzamiaji wenu yuko wapi?"

"Mzamiaji gani, kaka? Mimi nimekuja kuoga."

Kasia likamshukia mgongoni, pu!

"Haya, oga!"

Kobe akapiga hesabu. Akikaa kuliziba jicho dakika sita ili mkewe aone giza mara mbili, shemeji keshakufa. Akipanda sasa hivi, nani atawaita watu wa doria? Akavua glavu, akalivika lile jicho, akaikaza kwa kamba yake ya kiunoni. Halafu akachomoa kisu cha kukwangulia, akapanda.

Mkono ulioshika kisogo aliuchana toka kiwiko mpaka kiganja. Mwenye mkono akapiga ukelele, Kobe akamvuta, wakaanguka majini wakikabana, wakiumana, damu imetanda. Kwenye ile mashua nyingine mdogo wa yule mtu alikuwa amesimama na baruti, utambi umeshawashwa.

"Kaka, toka hapo! Toka nirushe!"

Kaka atoke vipi na Kobe kamkaba shingo? Mdogo mtu akanyanyua mkono, akaushusha, akanyanyua tena. Kumuua ndugu yake hakuweza, na kuitupa upande mwingine hakukumbuka. Ikalipukia mkononi. Mkono haukuonekana tena, wala nusu ya uso wake. Kobe akamwachia yule kaka, naye akaogelea kumwendea.

Doria ilipofika, mkewe yumo, na viatu vya ofisini. Aliona giza, akaona giza tena, la tatu hakulisubiri. Akamkuta kaka yake amelala ndani ya mashua, taya limekwenda upande, anatapika maji. Mume ameshikilia ukingo, anamtazama midomo tu.

"Hasikii, dada," shemeji akamwambia kwa taabu. "Sasa utagombana na nani?"

Mke akapiga magoti, akaliziba jicho la mumewe kwa kiganja, mara moja.

Kobe akautoa ule mkono taratibu, akatikisa kichwa. Akamwonyesha kiganja chake kisicho na glavu, kisha akaonyesha chini majini. Bado hajamaliza.

Mkewe akamtandika kofi la bega, ndipo akaangua kilio.