Mawe ya Kwenye Pipa la Okeyo

Mimi na uchafu hatupatani, na mtaa mzima wa Pasiansi unalijua hilo. Kwa hiyo nilipoambiwa akina mama wa Kisesa wanakuja Jumamosi kuchukua vifaranga wa samaki aina ya sato wa kufuga bwawani kwao, Alhamisi nilifagia uwanja, nikadeki nyumba, nikamalizia na matangi ya mume wangu.

Okeyo alikuwa fundi pampu kiwandani. Wenye kiwanda wapya walipokuja, wakampunguza kazini. Mwaka mzima alikaa sebuleni akitazama ukuta, na akifungua mdomo ni neno lile lile: kila ninachoshika kinakufa. Niliogopa, sifichi. Halafu akaokota pampu mbovu, akaifufua, akaunganisha matangi matatu. Maji yanatoka kwa vifaranga, yanapita kwenye pipa la mawe, yanarudi. Akaanza kula, akaanza hata kunitania. Vifaranga walifika elfu mbili, na hao wa Kisesa ndio wangekuwa watu wa kwanza kumwamini.

Sasa lile pipa. Nilifunua nikakuta mawe yana utelezi wa kahawia, yananuka mtaro. Nikasema aibu hii wageni hawaioni kwangu. Okeyo alikuwa sokoni Mwaloni kununua dagaa wa kusaga, chakula cha hao samaki wake. Nikazima pampu, nikayasugua mawe moja moja kwa sabuni ya unga, nikayasuuza mara tatu, nikayarudisha yakiwa meupe pe, nikawasha pampu tena.

Ijumaa vifaranga walikuja juu wote, midomo wazi. Okeyo akafurahi, akasema leo wana hamu ya kula. Akawaongezea.

Jumamosi asubuhi nilitoka na ndoo, nikaona tangi la kwanza limekuwa jeupe. Yalikuwa matumbo ya vifaranga, wamekufa wote. La pili hivyo hivyo, na la tatu.

Okeyo akaja, na wageni nyuma yake. Mwenyekiti wao, Getruda, alichungulia akafunika mdomo kwa khanga.

"Shemeji, kulikoni?"

"Nimewaua," Okeyo alisema. "Nimewalisha kupita kiasi. Ni mimi, ni mimi tu siku zote."

Uso wake ulikuwa ule wa sebuleni. Akaenda kuzima pampu, akafunua pipa. Akachukua jiwe, akalinusa.

"Mama Princess, nani ameyaosha haya?"

"Mimi. Yalikuwa machafu."

"Ule utelezi ndio ulikuwa unasafisha maji."

Nilishikwa na hasira. "Kutwa kucha unanihadithia samaki, hili ukaniachia nibahatishe?"

Alitazama jiwe, akatazama matangi, akakaa chini kwenye tope mbele ya wageni.

"Kumbe si mimi," alisema, na machozi yakamtoka.

Nikachuchumaa karibu yake. "Si wewe, Baba Princess," nikamwambia. "Nimewaua mimi."