Daftari la Bahasha

Bahasha alioshwa mara tatu asubuhi hiyo, mara mbili kwa sabuni na mara ya tatu kwa maji matupu, na bado Kijiti hakuridhika. Aliinama chini ya tumbo la maksai wake na kitambaa mkononi, akasugua kwato moja baada ya nyingine kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Mama yake alisimama pembeni na ndoo, hana la kufanya wala la kusema, na kwa mtu wa namna yake hayo yalikuwa mageni yote mawili.

Watu walimwita Mama Sindano. Alikuwa tabibu wa mifugo wa kata nzima, mwenye stashahada ya chuo, pikipiki kuukuu na mdomo usiozunguka. Aliyechelewa kumwita aliambiwa waziwazi kwamba ng'ombe wake ameuawa na uzembe, si homa. Aliyemwita mapema aliambiwa ashike pembe na aache hadithi. Binti yake aliitwa Kijiti kwa wembamba wake, na maksai alipata jina lake kwa baka jeupe la pembe nne katikati ya paji la uso, mwili mwingine wote ukiwa wa kahawia.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya mifugo ya vijana. Kila mwaka wanafunzi waliofuga walileta wanyama wao kwenye uwanja wa mpira, wakawazungusha ndani ya kamba mbele ya mwamuzi, na wazazi wakasimama nje ya kamba hiyo wakijifanya hawana wasiwasi. Kundi kubwa la mashindano kuliko yote lilikuwa la ng'ombe wa nyama, kwa kuwa mshindi wake hakupewa kikombe tu. Alisomeshwa chuo cha mifugo mpaka amalize. Kijiti aliitaka nafasi hiyo tangu ana miaka tisa, siku alipomsaidia mama yake kuvuta ndama aliyekwama, akarudi nyumbani ametapakaa damu mpaka kwenye nyusi, anacheka.

Ng'ombe aliyeshinda hakurudi zizini. Mchinjaji alimchukua jioni ile ile, na kesho yake nyama ilikuwa kwenye ndoano buchani. Ndiyo maana kila mtoto aliweka daftari la mnyama wake: alikula nini, aliongezeka kilo ngapi, alipewa dawa gani. Upande wa dawa haukuwa na mzaha. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya homa hachinjwi mpaka zipite siku ishirini na nane, maana dawa hukaa nyamani, na anayekula nyama anakula na dawa. Asiyetimiza siku hizo haingii kundi hilo. Na aliyewafundisha watoto sheria hiyo kila Jumamosi, akiwa amesimama mbele yao mikono kiunoni, alikuwa Mama Sindano mwenyewe. Daftari lenye uongo mmoja, aliwaambia, lote ni la kuwashia jiko.

Sasa wiki mbili kabla ya maonyesho, Kijiti akiwa kwenye mitihani, Bahasha alikataa majani. Masikio yalilala, pua ilikauka, kipimajoto kikapanda mahali pabaya. Mama Sindano hakufikiri mara mbili. Alimchoma shingoni ile dawa nzito inayokaa siku nyingi, na kwa kuwa simu ilikuwa inaita, akaimalizia yote mahali pamoja badala ya kuigawa sehemu mbili, jambo ambalo angemfokea mwanafunzi yeyote. Simu ilikuwa ya mtu ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Akapanda pikipiki, akaenda.

Mpaka hapo hakuwa na kosa la maana. Aliporudi jioni maksai alikuwa anatafuna kama hakuna lililotokea. Alifungua daftari, akashika kalamu, akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Zikatoka kumi na nne. Akahesabu tena, kana kwamba vidole vingemwonea huruma. Kisha akalifunga daftari na kwenda kuinjika chakula.

Hakumwambia mtu. Alijituliza kwamba siku zinazoandikwa kwenye chupa huwekwa na watu waoga, kwamba nusu yake ingetosha, kwamba nani atakula kilo nzima peke yake. Mfugaji yeyote angemletea maneno hayo, angemfukuza na chupa yake.

Pale uwanjani, dada wa mumewe alikuwa amewahi nafasi ya mbele kwenye kamba. Mume mwenyewe alikuwa mbali kwenye ujenzi, na huyu shangazi wa Kijiti ndiye aliyekuja kwa niaba ya ukoo, amevaa nguo mpya na amekuja na vigelegele vya kutosha watu wawili. Alimtazama Bahasha anavyong'aa, akatangaza kwa walio karibu kwamba maksai huyo ameoga kuliko wanaume wote wa kwao. Watu wakacheka. Mama Sindano hakucheka.

"Wifi, mbona umenuna?" shangazi akamuuliza. "Au meno umeyasahau kwenye pikipiki?"

Akamjibu kwamba jua ni kali. Jua lilikuwa bado halijatoka sawasawa.

Mwamuzi aliitwa Rula tangu wakiwa chuoni, yeye na Mama Sindano dawati moja, kwa sababu alipima kila kitu, hata unene wa vipande vya mkate. Alianza kwa mtoto wa fundi cherehani na dume lake jeusi, akaendelea mmoja mmoja bila haraka. Alipofika kwa Bahasha alimpapasa mgongo, mbavu, paja. Uso wake ulifunguka. Kisha mkono ukapanda shingoni, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo. Pale palikuwa na uvimbe mgumu, ukubwa wa ndimu.

"Hapa pana nini?"

Mama Sindano alishika kamba ya uwanja kwa mikono yote miwili.

Kijiti hakupepesa hata jicho. "Alijigonga kwenye komeo la mlango wa zizi. Wiki iliyopita."

"Na sindano ya mwisho?"

"Ya chanjo. Miezi mitatu sasa. Imo kwenye daftari."

Rula alitikisa kichwa kukubali, akaandika, akasogea mbele.

Zizi lao halikuwa na komeo. Lilifungwa kwa kipande cha kamba, na aliyekifunga kila jioni alikuwa Kijiti mwenyewe. Mama Sindano alisimama pale na neno hilo moja, komeo, likimzunguka kichwani. Mtoto anajua. Na kama anajua, tangu lini? Hapo ndipo alipoiona meza yao ya chakula. Siku zote hizi kumi na nne, kila jioni, daftari lilikuwa juu yake, limefunguliwa ukurasa wa dawa, kalamu imelazwa katikati. Na kila jioni alilifunga yeye, akalisogeza, akagomba kuhusu watoto wasiopanga vitu vyao, akaweka sahani.

Bahasha alishinda. Shangazi alipiga vigelegele vyake na vya mwenziwe asiyekuwepo. Mchinjaji, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, alikwishaanza kumzunguka maksai akimpima kwa macho. Kijiti alivishwa utepe, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ilibaki karatasi moja. Chini ya turubai palikuwa na meza, na karatasi hiyo ilisema kwamba tabibu wa eneo anathibitisha mnyama huyu hana dawa mwilini na anafaa kuliwa. Bila saini yake mchinjaji haondoki na ng'ombe, wala mshindi si mshindi. Mama Sindano alikuwa amesaini karatasi kama hizo miaka sita mfululizo. Rula alimsogezea kalamu.

"Sisaini," akasema.

Rula alicheka. "Mwandiko wako mbaya tunaujua sote. Wewe chora tu chochote."

"Nilimchoma sindano ya homa siku kumi na nne zilizopita. Mimi kwa mkono wangu. Ule uvimbe ni wa sindano."

Kicheko kilimwisha Rula usoni taratibu. Alimtazama mwenzake wa dawati moja, kisha akamtazama mtoto aliyesimama na utepe kifuani, kamba ya maksai mkononi.

"Na komeo?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Sindano, limeiva kabisa: mtoto hakujua, mimi ndiye niliyemwambia aligongwa na mlango. Lilikuwa jibu zuri. Lingemwokoa binti na kumzamisha yeye peke yake, na tayari alikuwa anazama.

"Mtoto," akaanza.

"Nilijua," akasema Kijiti. "Komeo nimelitunga mwenyewe."

Hakuna aliyemfokea. Labda afadhali wangefoka. Rula alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaeleza kwa sauti ya chini kile ambacho wote watatu walikijua. Mnyama anatolewa. Mtoto aliyemdanganya mwamuzi hashiriki tena maonyesho haya. Na tabibu ataandikiwa barua ofisini, na yeye ndiye atakayeiandika, hana namna. Kijiti alivua utepe mwenyewe, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya karatasi isiyosainiwa. Mchinjaji alikwenda kumtazama dume jeusi la mtoto wa fundi cherehani.

Shangazi aliuliza kulikoni. Alipoambiwa, akachukua ndoo na kitambaa akatangulia.

Walirudi kwa miguu, maksai katikati, mama akiisukuma pikipiki aliyoona haya kuipanda. Bahasha alikuwa na furaha zake. Kila penye majani alisimama, na hakuna aliyemvuta.

"Chupa niliikuta kwenye pipa la taka siku ile ile," Kijiti akasema walipokuwa karibu kufika. Hakumtazama mama yake. "Nikasema ataandika kesho. Nikasubiri."

"Ungeniuliza."

"Wewe ndiye mwalimu."

Mama Sindano alisukuma pikipiki.

"Ungeandika jioni ile ningekosa mwaka huu tu," mtoto akaendelea, bila ukali, kama anayesoma hesabu ubaoni. "Mwakani ningeleta mwingine. Bado nina mwaka mmoja wa shule. Nilikuwa nao."

Hilo hakuwa amelihesabu. Alihesabu siku kumi na nne mara mbili kwa vidole, na mwaka mzima ukampita pembeni. Wakafika zizini.

Kijiti alimwingiza Bahasha, akafunga mlango kwa kile kipande cha kamba, akaenda kunawa. Jua lilikuwa bado linaonekana kwenye paa la jirani Mama Sindano alipotoka jikoni na sahani. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa wa dawa, kalamu katikati.

Aliziweka sahani sakafuni. Akaketi, akaandika: tarehe ya siku ile, si ya leo, homa, jina la dawa, shingo, upande wa kushoto. Akaweka jina lake mwishoni. Kijiti alikuja akasimama nyuma ya kiti, mikono bado inadondosha maji, akasoma mpaka mwisho.

"Kipimo hujaandika," akasema.

"Mililita ishirini na tano."

"Usiniambie mimi. Andika."

Akaandika.

"Na saa."