Kukabidhi Fimbo ya Njia

Siku ya kuzinduliwa kwa Bomba, mzee aliyewahi kuwa dereva wa treni aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa sare yake ya zamani ambayo mkewe alikuwa ameipiga pasi hadi ikasimama yenyewe, kisha akaketi karibu na mlango, kofia magotini. Wenzake kazini walimbandika jina la Breki, kwa kuwa alianza kupunguza mwendo pale ambapo wengine walikuwa bado wanaongeza. Jina hilo lilikusudiwa kumkera. Yeye alilipokea kama cheo, akastaafu nalo.

"Umependeza," mkewe alisema. "Ila huo uso uuache hapa nyumbani. Hatuendi mazikoni."

"Uso ninao huu mmoja."

"Basi muazime mjukuu wako tabasamu, hata la muda mfupi. Mke mwenzangu huyo umemwahidi mambo mawili tu: utakwenda, na utanyamaza."

Mjukuu huyo walimlea wao wenyewe tangu mama yake alipofariki. Breki ndiye aliyekagua madaftari yake ya shule kila jioni, akachana bila huruma kurasa zilizoandikwa ovyo, na ndiye aliyesimama wima uwanjani, machozi yakimtoka bila kuyafuta, siku binti alipotunukiwa shahada ya uhandisi. Majirani waliposema, "Yule mjukuu wako mhandisi," aliwasahihisha: "Mhandisi wa usalama." Kwake, neno la mwisho ndilo lililobeba heshima yote.

Kazi ya binti ilikuwa kwenye Bomba. Lilikuwa bomba la chuma, pana kiasi cha kumeza basi, lililoinuliwa juu ya nguzo. Hewa ingefyonzwa yote, kisha vyombo vya abiria vingepita humo vikielea, kwa mwendo ambao ndege ingeuonea wivu. Hivyo ndivyo mabango yalivyosema. Lililokuwa limejengwa hadi siku hiyo ni kipande kifupi nyuma ya karakana, ambacho mtu angeweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho kabla chai yake haijapoa. Chombo kilikuwa kimepitishwa humo, kitupu.

Juma lililotangulia, mezani, Breki alikuwa ameyatoa yaliyomkaa moyoni.

"Binadamu hawezi kupumua kwa mwendo huo," alisema.

Mjukuu wake alicheka hadi akaweka kijiko chini. "Babu, kwenye ndege watu wanapumua, na wengine wanakoroma."

Breki alilimeza hilo. "Chuma hurefuka juani. Sisi tuliacha nafasi kati ya reli na reli."

"Tumeweka viungio vinavyocheza. Hesabu yake nimeipiga mwenyewe."

Aliinamisha kichwa kwa kuridhika. Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyesoma. "Haya. Chombo kikikwama katikati, na nje ya mlango hakuna hewa, abiria anatokaje?"

Binti alizungusha kikombe juu ya kisahani. "Bado tunalitafutia jibu."

"Na abiria wanaanza lini kupanda?"

"Mwaka huu. Mkurugenzi atatangaza kwenye uzinduzi, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake." Akakisogeza kikombe kando. "Babu, reli ya zamani itang'olewa kupisha nguzo. Wanataka wewe ukabidhi fimbo ya njia mbele ya watu. Utanikabidhi mimi. Wanaitaka picha ya babu na mjukuu."

"Na nikikataa?"

"Wanaoitaka nafasi yangu wamejaa mlangoni."

Breki alimtazama. Alimwona mtoto aliyekuwa akilala juu ya vitabu, na alimwona pia mtu mzima aliyeingia kwenye ofisi ambayo ukoo wao wote haujawahi kuikanyaga. "Nitakuja," alisema. "Na sitasema neno."

Fimbo ya njia ilikuwa kipande kifupi cha shaba, kilicholainishwa na mikono ya vizazi vya madereva. Kati ya stesheni ya mji na stesheni inayofuata njia ilikuwa moja, na fimbo ilikuwa moja. Treni isiyo nayo haikuingia, hata kama dereva angeona mbele peupe kama kiganja. Tena fimbo haikukabidhiwa kimyakimya. Anayetoa aliuliza, "Njia wazi?" Anayepokea, mkono wake ukiwa tayari umeishika, alijibu kwa kinywa chake mwenyewe, "Njia wazi," ndipo vidole vya mtoaji vilipofunguka. Hapakuwa na wa kumjibia mwenzake. Nyumbani kwa Breki hata chupa ya chai haikutoka mkononi mwake bila swali hilo, na mjukuu wake alijifunza kulijibu kabla ya kujifunza kusoma.

Uwanjani palikuwa na hema, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na spika zilizokoroma. Mkuu wa stesheni alimpa Breki fimbo iliyofungwa kwenye kitambaa, akamnong'oneza, "Mzee wangu, wakishapiga picha, niletee hii haraka. Treni ya alasiri imeshaingia na abiria wake, hakuna aliyekumbuka kuifuta kwenye ratiba. Napiga simu ofisini inaita tu; wakubwa wote wako hapa wanakula."

Mkurugenzi wa Bomba, mwanamume mwenye suti iliyomkaa na sauti iliyozoea vipaza sauti, alihutubia. "Wazee wetu walitufikisha hapa kwa mwendo wa kobe," alisema, na hema likacheka. "Tunawashukuru. Wenye mashaka walikuwapo hata treni ya kwanza ilipopita. Leo wako wapi?"

Breki aliliona neno hilo kuwa kweli, lakini nusu. Wenye mashaka ndio waliodai breki, na bila breki hakuna ambaye angeipanda treni mara ya pili. Hata hivyo aliufunga mdomo wake kama alivyoahidi. Mkewe, safu ya mbele, alimwonyesha kwa kidole namna ya kutabasamu.

"Kabla mwaka haujaisha," Mkurugenzi alimalizia, "ninyi mlioketi hapa mtasafiri ndani ya Bomba hili!"

Makofi yalipotulia, Breki aliitwa mbele. Mjukuu wake alimsogelea, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani. Mzee akaitoa fimbo kwenye kitambaa na kumnyooshea. Binti akaishika.

"Njia wazi?"

Hakuwa amekusudia. Swali lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka maisha yake yote kila shaba hiyo ilipoguswa na mkono mwingine, na kipaza sauti kikalidaka na kulisambaza hema zima. Watu walicheka kwa upole, wakidhani ni sehemu ya shughuli.

Mjukuu alifungua kinywa. Akakifunga, akaitazama fimbo.

"Iko wazi, mzee wetu!" Mkurugenzi alidakia. "Wazi kabisa!"

Makofi yalipigwa tena. Breki alijaribu kufungua vidole. Alikuwa ameahidi, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini aliyejibu hakuwa ameishika fimbo, na vidole havikumtambua. Aliona jasho likichomoza juu ya mdomo wa binti. Kwa mara ya kwanza maishani alimtakia jambo jepesi kuliko jambo la haki.

"Sema tu, mama," alinong'ona. "Ni mchezo."

Binti alimtazama machoni. "Hujawahi kuniambia kuwa ni mchezo, Babu."

Kisha akageukia kipaza sauti. "Njia haiko wazi," alisema. "Chombo kikikwama ndani, bado hatujui abiria atatokaje. Mpaka tujue, mimi sipokei."

Akauondoa mkono. Fimbo ikabaki kwa mzee.

Muziki uliongezwa ghafla. Mkurugenzi, akiendelea kutabasamu kuelekea kamera, alisema kwa meno yaliyofungwa, "Hicho kitambulisho, kesho ukiache mapokezi." Binti alikivua papo hapo, akakiweka juu ya meza yenye maua. Bibi alikuwa ameshasimama, ameubeba mkoba wa mjukuu wake.

"Twende, mke mwenzangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Chai yenyewe ya hapa haina sukari."

Stesheni ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na treni ya alasiri ilikuwa imesimama, abiria wametoa vichwa madirishani.

"Sasa tunangoja nini?" mmoja aling'aka. "Gari zima linangoja kijiti!"

"Kaa chini wewe," mwingine alimjibu. "Ulipanda treni au ulipanda risasi?"

Breki alimrudishia mkuu wa stesheni fimbo, kisha wote watatu wakapanda behewa la mbele kurudi nyumbani. Alivua kofia. Akaiweka magotini.

"Nimekuvunjia ahadi," alisema.

"Umeivunja."

"Na kazi nimekupotezea."

"Kazi nimeiacha mimi, Babu. Hilo usininyang'anye." Alifuta uso kwa kiganja, na mzee akaona kwamba analia. "Wataendelea bila mimi. Kesho watampata mwingine wa kusimama pale."

"Huenda."

"Na huyo nani atamuuliza?"

Breki aligeukia dirisha. Nje, chini ya dirisha lao, mkuu wa stesheni alikuwa amemfikia dereva, kijana mwenye mikono iliyojaa grisi. Binti aliinuka nusu ili aone. Fimbo ilinyooshwa, ikashikwa.

"Njia wazi?"

Dereva aligeuka kwanza, akaitazama taa ya mbele, akaitazama reli hadi inapopotelea kwenye kona, huku abiria wakiguna.

"Njia wazi," alisema.

Vidole vilifunguka. Binti akaketi, akaegemeza kichwa kwenye bega la sare ya babu yake, na treni ikaanza kwenda, polepole.