Mdomo wa Bomba Chini ya Kiti

Sikio hakugundua kwamba kichwa cha mama mkwe wake hakikuuma hata mara moja siku ambazo jenereta haikuwashwa. Jambo hilo lilikuwa wazi mbele ya macho yake, nalo lilijirudia kila walikoegesha gari. Lakini yeye alikuwa fundi wa kusikiliza, na ugonjwa ule haukuwa na mlio.

Watu walimbandika jina hilo kwa sababu aliweza kusimama kando ya injini, akafumba macho, akataja kilichoharibika, na ikifunguliwa ikutwe hivyo hivyo. Sifa hizo zilikuwa zimemvimbisha kichwa kidogo. Gari-nyumba lao, basi kuukuu alilolitilia vitanda, jiko na vyerehani vya umeme, lilikuwa makazi na karakana ya ushonaji kwa pamoja. Mkewe alikata vitambaa mbele. Mama mkwe alishona nyuma. Na chini ya sakafu, usawa wa kiti cha mama huyo, jenereta ilinguruma.

"Baba," mama alimwambia siku moja, "hii mashine yako inanisemesha mchana kutwa, na mimi lugha yake siijui."

Sikio alicheka, akaona amepata nafasi ya kumfurahisha mkwe. Akajiingiza uvunguni. Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu, akaliviringishia bati na kulikaza kwa waya. Mlio ulipobaki mkali, akalikata bomba kwa nyuma na kuugeuza mdomo wake ndani, uelekee katikati ya uvungu badala ya kutokeza nje ya ubavu wa gari. Sauti ikafifia ikawa kama ya paka anayekoroma. Mama akatoka mlangoni, akampigia makofi.

Hazikupita siku nyingi, kichwa kikaanza.

"Mama kichwa kinamgonga tena," mkewe alisema.

"Kichwa cha mama kinaumwa na kila ninachokitengeneza. Kelele zikiwapo, kichwa. Zikiondoka, kichwa."

"Punguza sauti, anakusikia."

"Na anisikie."

Mama alisikia, na tangu hapo hakulalamika tena. Kila alipozidiwa alichukua nguo za kukunja pindo kwa mkono, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kupunga upepo. Sikio akipita humtania, "Mama, leo umetoroka kazini?" Mama hutabasamu tu. Uso wake uliponawiri tena, alirudi ndani. Yote hayo Sikio aliyaona, akayaita uzee.

Kisha ikaja siku ya mvua. Mlango ulifungwa, madirisha yakabanwa. Sikio alikuwa mbele akinoa mkasi wa mkewe, kichwa chake mwenyewe kizito, akidhani ni hali ya hewa tu. Ndipo aliposikia cherehani cha nyuma kikikimbia mfululizo. Mshonaji husita kila afikapo kwenye kona ya kitambaa; hiki hakikusita.

Alimkuta mama ameegemeza shavu juu ya meza, mguu bado umekandamiza kanyagio.

"Zima jenereta!" alimpigia mkewe kelele, huku akimbeba mama mikononi na kumtoa nje kwenye mvua. Huko nje mama alitapika, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho.

Hospitalini walimvika barakoa ya oksijeni. Daktari aliwaeleza kwamba moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kisha akauliza, "Bomba la jenereta yenu linatolea moshi wapi?"

Mkewe alimgeukia Sikio.

"Chini ya kiti chake," Sikio alisema. "Mdomo wake niliugeuza mimi."

Kesho yake, barakoa ilipovuliwa, mama alimshika mkono. "Usijitese, baba. Nilidhani ni uzee wangu. Nikanyamaza, nisije nikakuudhi, maana ulikuwa umenitafutia utulivu mzuri."

Afadhali angemtukana. Sikio alitoka akasimama ukumbini, uso kaugeuzia ukutani, mpaka mkewe alipomfuata kumwita.

Walipolifikia gari, alilala chini yake na kufungua bati na waya. Mbao za sakafu zilikuwa nyeusi kwa masizi, na masizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye tundu la nyaya, hapo hapo penye kiti. Akaling'oa bomba lote. Akafunga jipya, kwa gaskiti mpya za kuziba viungo na vibano vya chuma, akautokeza mdomo wake nje ya ubavu wa gari, na tundu akaliziba. Akaiwasha jenereta, na kabla bomba halijapata moto akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kimoja kikatoa vipovu, dalili ya kuvuja. Akakikaza, akapaka tena.

Mkewe alichungulia uvunguni. "Haya, fundi. Unasikia nini?"

"Sisikilizi," alijibu. "Natazama."

Jenereta sasa ina kelele tena. Juu ya kiti cha mama kimening'inizwa king'ora kidogo cha kutambua hewa ile. Sikio hulala chini ya gari na povu lake kila wanapoegesha mahali papya, na mtu yeyote akisema kichwa kinamuuma, huizima jenereta kwanza ndipo humuuliza.