Siku Kumi na Tano za Savino

Ukitaka mori unipande, nitajie siku kumi na tano. Hapa Canosa, kusini mwa Italia, kila mwanamume anazijua kuliko sala. Bima ikiisha, sheria inakuongezea siku kumi na tano za kutembelea gari lako. Gari lako lilelile lenye bima iliyoisha! Si gari ulilolinunua jana.

Jumatatu nilimuuzia mwoka mikate kigari changu. Kabla sijampa ufunguo nilikwenda kwa Pellicani, wakala wa bima, akaisimamisha bima yangu mpaka nikabidhiwe gari jingine, nililokwisha kulilipia kwenye yadi ya magari. Akanitazama juu ya miwani.

"Incoronata, sikiliza vizuri. Bima imelala. Alhamisi karatasi za gari jipya zikitoka, niletee, niihamishie kwenye namba mpya. Kabla ya hapo gari lisitoke yadi. Hata kwenda kutia upepo."

Nikarudi nyumbani nikamweleza Savino, mume wangu, neno kwa neno. Alikuwa anakula maharage na mboga chungu, hakuinua hata kichwa.

"Mke wangu, unaendeshwa na Pellicani. Si kuna zile siku kumi na tano?"

"Hizo ni za gari la zamani, nalo nimeshaliuza, wewe!"

"Bima ni bima bwana. Kula, chakula kinapoa."

Jumatano nilikuwa kwa wagonjwa wangu, nazunguka kwa miguu kuwapiga sindano. Savino akaenda yadi, akamwambia mwenye yadi kwamba mimi ndiye niliyemtuma, akapewa ufunguo. Anakwenda shamba kuchukua nyavu za kukingia zeituni! Kwani nyavu zingeota mbawa mpaka Alhamisi? Kwenye njia panda ya kanisani akamgonga mzee Mimì Lorusso akiwa juu ya baiskeli.

Mzee Mimì ndiye fundi wa kupogoa mizeituni. Nusu ya mizeituni ya hapa imepita kwenye mkono wake wa kulia, na mkono huohuo ndio uliovunjika.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Savino mezani, rangi imemtoka. Kando yake kaka yake Ruggiero, kajaa kwenye kiti changu.

"Shemeji, usipandishe sauti," Ruggiero akaanza. "Mambo yamekwisha. Tumempeleka hospitali wenyewe. Kesho wewe hamisha bima yako kama kawaida."

"Yamekwishaje? Mtu kavunjika mkono!"

"Kavunjika kwa kuanguka ngazi," akasema. "Ndivyo alivyowaambia madaktari. Mtu muungwana sana yule."

Haki ya Mungu, niliona giza. Nikamuuliza Savino, "Na wewe umekubali?" Akajitia kukuna kidevu. Miaka kumi na tisa nimelala na huyu mtu! Nilichukua koti langu nikatoka kwenda hospitali, nao wakanifuata mbiombio, mmoja ananiita mpenzi, mwingine ananiita kichaa.

Mzee Mimì alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka begani. Aliponiona akatabasamu.

"Usihofu binti yangu. Nimesema ngazi, kama walivyotaka."

"Mzee, kwa nini?"

"Savino kaniapia bima yenu itanitunza mpaka nipone. Eti polisi wakiingia ndio mambo yatachelewa, mimi sijui hayo." Akautazama ule mkono. "Daktari anasema vidole viwili havina habari. Inabidi wanipasue, kisha mazoezi, labda mwaka mzima. Bila bima yenu ningefanyaje mimi?"

Nikavuta kiti kando yake, nikawaza: Bima gani, mzee wangu? Ile iliyolala kwenye kabati la Pellicani? Na kwa kuwa ameshasema ngazi, hata ule mfuko wa serikali unaowalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima usingemtambua. Ngazi haina namba ya gari. Wale ndugu wawili walimnyang'anya mkono, kisha wakamnyang'anya na haki ya kuudai, naye akawashukuru.

"Walikudanganya," nikamwambia. "Gari lile halikuwa na bima. Samahani, mzee Mimì."

Tabasamu likamtoka. Hakunitukana. Laiti angenitukana!

Pale hospitali kuna dawati la polisi, karibu na mlango wa dharura. Nikamwambia askari afute ngazi aandike gari. Nyuma yangu Savino akanishika mkono wa koti.

"Inco, ule mfuko ukimlipa utatudai sisi, mpaka wauze nyumba yetu. Tafadhali. Mimi ni mumeo."

"Niachie koti."

"Mwenye gari nani?" askari akauliza.

"Mimi."

"Aliyekuwa anaendesha?"

Savino akanivuta koti tena. Nikataja jina lake na la ukoo, na askari alipokosea herufi moja, nikamrekebisha.