Seramu Yenye Wekundu

Mimi habari njema inayokuja mbio huwa siiamini. Mwenzangu wa maabara alipotangaza kuwa damu ya baba mdogo haina dalili ya saratani kurudi, ukoo mzima ulishangilia. Mimi nikaenda kuitazama chupa ya damu yake.

Baba mdogo ni mnadi wa mitumba. Koo lake ndilo duka lake. Saratani ilimshika humo humo kooni, akachomwa mionzi, akapona. Sasa tunamfuatilia kwa mikro-RNA, vipande vidogo mno vilivyomo kwenye damu, ambavyo kazi yake ni kuziamuru jeni zinyamaze. Uvimbe ukirudi, kimoja huongezeka, maana ndicho kinachozinyamazisha jeni za kuuzuia. Tunakipima kwa kukilinganisha na kingine kisichobadilika.

Lo! Seramu, yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa, ilikuwa na wekundu. Inatakiwa iwe ya manjano, safi.

"Chembe nyekundu zimepasuka," nikamwambia mwenzangu. "Zimemwaga kile cha kulinganishia, kimejaa tele. Kile kibaya lazima kionekane kidogo! Hapa hatujapima kitu."

"Wekundu kiduchu tu, dada. Mbona unatafuta ubaya?"

"Ndiyo kazi yangu!"

Nikaenda nyumbani kwa baba mdogo kuomba damu nyingine. Mama mdogo akaniwakia mlangoni. "Wenzio wamesema amepona, wewe unakuja kumchuria mume wangu?"

"Mamdogo, mficha maradhi kifo humuumbua."

Baba mdogo akakunja mkono wa shati. "Chota, mwanangu. Damu ipo."

Safari hii nilivuta mwenyewe, taratibu. Seramu ikatoka safi, kipimo cha kile kibaya kikapanda. Roho iliniuma, lakini shaka sikuwa nayo. Daktari akachungulia kooni, akakuta kijiuvimbe kama punje ya mchele, kimejibanza chini ya nyuzi za sauti.

"Tungechelewa, ningetoa kisanduku kizima cha sauti," akasema. Akakikata, akamkataza mgonjwa kusema neno mpaka kidonda kifunge.

Siku zote hizo mama mdogo alinipita wodini kama anayepita ukuta. Ukweli aliujua, kunisamehe ndiko kulikomshinda.

Hatimaye daktari akasema, "Haya mzee, sema lolote."

Baba mdogo akameza mate, akamgeukia mkewe. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Mke wangu, acha kumnunia mtoto. Angenyamaza yeye, ningenyamaza mimi."