Ruhusa ya Mwenyekiti

Maisara aliposhindwa uchaguzi wa chama cha Waafrika Mashariki wa Birmingham, watu walimpa pole kama mfiwa, kisha wakaenda kula biriani ya aliyemshinda. Naye aliyemshinda hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Hafidh, mume wa mdogo wake Asmahan. Biriani ilipikwa na mdogo wake wa tumbo moja, na Maisara akala, akaisifu, akasaidia na kuosha masufuria. Walioiona sura yake siku ile walisema huyu mama ana moyo mkubwa. Hawakujua moyo huo umebeba nini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Maisara, mzaliwa wa Unguja na mwalimu wa historia katika skuli moja ya Northfield, alikuwa katibu wa chama. Chama hakikuwa na pahala pake. Leo kinakutana sebuleni kwa mtu Ladywood, kesho nyuma ya mkahawa, kesho kutwa hakikutani kabisa kwa sababu ya mvua. Maisara ndiye aliyempata Lakhbir, Singasinga wa Kisumu, mzee mwenye duka la vitambaa Soho Road, ambaye ghorofa ya juu ya duka lake ilikaa tupu miaka na miaka. Wakazungumza habari za kuikodi majira yote ya baridi. Mzee alipenda namna Maisara alivyobishana bila kupandisha sauti, na Maisara alipenda namna mzee alivyotoa chai kabla ya kukataa. Mwisho wakaafikiana kila kitu. Ilibaki kutia sahihi tu, na kila mtu alijua kwamba ukumbi ukipatikana kabla ya uchaguzi, uenyekiti ni wa Maisara.

Wiki ya uchaguzi mzee akarudi nyuma. "Ngoja kidogo, mama," akasema kwenye simu, na hakusema zaidi. Habari zikasambaa. Hafidh akasimama mbele ya wanachama, uso umemwinama kwa huzuni, akauliza inakuwaje katibu akae mazungumzoni tangu majani yanapukutika mpaka maua yanachanua, kisha atoke mikono mitupu.

Siku moja kabla ya kupiga kura, Maisara alikwenda dukani mwenyewe. Alitaka kujua amemkosea nini mzee wa watu.

Lakhbir alimtazama kwa mshangao. "Lakini ni nyinyi mlinitumia neno. Shemeji yako alikuja hapa. Akaniambia nisitie sahihi na wewe, ningoje uchaguzi uishe, yeye atanipatia masharti mazuri kuliko yako. Mimi nilidhani mmeongea nyumbani. Si nyinyi ni watu wa familia moja?"

Maisara alitoka dukani akapanda basi moja kwa moja hadi Ladywood, nyumbani kwa mdogo wake. Hafidh hakukana. Aliketi sebuleni kwake na kikombe mkononi, akasema, "Siasa hizo, shemeji. Usizitie rohoni."

"Kesho nitasimama niwaeleze watu wote," Maisara akasema.

Hapo Asmahan akatoka jikoni. Alikuwa na mimba kubwa, anatembea kwa kushika ukuta. "Dada," akasema, "ukimvua nguo mume wangu mbele za watu, umenivua mimi." Kisha akakaa chini kwenye zulia, pale pale, akalia kimya kimya.

Hafidh akaapa. Uchaguzi upite kwa salama, mke wake ajifungue kwa salama, kisha yeye mwenyewe atasimama aseme ukweli na kumsafisha shemeji yake. Aliapa mbele ya mkewe. Maisara alimwangalia mdogo wake pale chini, akanyamaza. Kesho yake akashindwa.

Mwezi haujamalizika, ukumbi ukapatikana. Masharti yalikuwa mazito zaidi kwa chama kuliko yale aliyoyapata Maisara, lakini nani alijua? Mlangoni pakatundikwa kibao cha shaba: ukumbi huu umepatikana kwa juhudi za Mwenyekiti Hafidh. Asmahan akajifungua mtoto wa kiume. Maisara akangoja ule ukweli ulioapiwa. Badala yake akapata mzaha. Siku ya Idi, mbele ya wageni, Hafidh alimwomba shemeji yake apeleke sahani kwa majirani, "lakini msimpe kazi ya kuzungumza nao, tusije tukakosa na sahani zenyewe." Watu wakacheka. Wanawake waliokuwa wakimwita "mwenyekiti wetu" wakaanza kumwita "maskini Maisara."

Alimkumbusha Hafidh ahadi yake mara mbili. Mara ya kwanza Hafidh alisema mtoto bado mchanga. Mara ya pili alisema, "Mambo yameshapita, shemeji, utafukua makaburi?"

Mumewe Ishaka, ambaye ni dereva wa basi na mtu asiyependa kelele, alimwambia, "Mwachie Mungu."

"Hukumu nimemwachia," Maisara akajibu. "Ushahidi ni wangu."

Ilivyotokea, Hafidh ndiye aliyempa nafasi. Chama kilikuwa na Jumamosi za mazungumzo, na kwa kuwa uchaguzi wa Marekani ulikuwa midomoni mwa watu, pakapendekezwa mada: walioshindwa urais kule, ambao huenda wangekuwa marais wazuri. Hafidh akaandika katika kundi la WhatsApp la chama, watu wote wakisoma: "Mzungumzaji tunaye nyumbani. Mwalimu Maisara habari za kushindwa anazijua kwa undani." Akatia na vikaragosi vya kucheka.

Maisara akaandika: "Ahsante Mwenyekiti. Nitakuja."

Kisha akavaa koti akaenda Soho Road. "Mzee Lakhbir," akasema, "Jumamosi njoo juu unisikilize. Na nikikuuliza jambo, utasema ulichokiona, basi. Usiongeze, usipunguze."

Mzee alikunja kitambaa alichokuwa akikipima. "Nilikuwa nafikiri lini utaniuliza," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Hafidh aliketi mbele kwenye kiti cha mwenyekiti, Asmahan safu ya pili na mtoto mapajani. Maisara alimwona mdogo wake. Alikuwa ametumaini Asmahan atabaki nyumbani. Akanywa maji, akaanza.

Alianza kwa utulivu wa darasani. Akawasimulia Henry Clay, aliyegombea mara tatu na kushindwa mara tatu, na bado nchi ilimtegemea kila ilipokaribia kupasuka. Akawasimulia Al Smith, gavana aliyewajali wafanyakazi, aliyekataliwa na wengi kwa sababu tu alikuwa Mkatoliki. Hapo wazee wa msikitini wakatikisa vichwa, maana jambo hilo walilielewa bila tafsiri. Akamtaja Wendell Willkie, aliyeshindwa na Roosevelt, kisha akavuka bahari wakati wa vita kuja kutazama miji ya Waingereza iliyobomolewa kwa mabomu, naye amebeba barua ya yule yule aliyemshinda. Watu wakapiga makofi. Hafidh naye akapiga.

"Wa mwisho ni Hubert Humphrey," Maisara akasema. "Mwaka 1968. Mtu huyu alisimama kutetea haki za watu weusi wakati wenzake wanatazama pembeni. Alikuwa makamu wa rais, na vita vya Vietnam vilikuwa shingoni mwake kama nira. Siku chache kabla ya kura, mazungumzo ya amani yalikaribia kuiva. Yangeiva, huenda angeshinda. Ghafla Saigon, serikali ya Vietnam Kusini, wakasema hawaendi mezani."

Akageuza karatasi.

"Rais Johnson alikuwa na habari za siri kwamba watu wa upande wa Nixon, mpinzani wake Humphrey, wamepeleka ujumbe Saigon: msikubali sasa, ngojeni, kwetu mtapata masharti mazuri zaidi. Nixon alikana maisha yake yote. Humphrey aliambiwa kabla ya kura. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na hakulisema. Alishindwa kwa tofauti ndogo sana, na vita vikaendelea miaka."

Akafunga karatasi zake. "Watu bado wanabishana kama alifanya uungwana au ujinga. Nami nisingependa kujibu peke yangu. Mwenyekiti, ungekuwa wewe ndiye Humphrey, ungesema au ungenyamaza?"

Hafidh alifahamu. Maisara aliliona jambo hilo likipita usoni pake, mara moja, kama kivuli cha ndege ukutani. Lakini watu walikuwa wamemgeukia, na Hafidh hakuwahi kushindwa kuwapa watu walichotaka. Isitoshe, alimjua shemeji yake: mtu wa kushika neno, na mdogo wake yupo pale pale. Akainuka, akarekebisha koti.

"Ningesema," akajibu. "Wanachama, yaani, wananchi, wana haki ya kujua wanamchagua nani. Kuficha ni kuwadhulumu."

Makofi yakawa makubwa kuliko yote ya siku ile. Maisara aliyangoja yaishe.

"Basi nimepata ruhusa ya mwenyekiti," akasema. "Mzee Lakhbir, tafadhali simama uwaambie nani alikuja dukani kwako wiki ya uchaguzi wetu, na alikwambia nini."

"Dada," Asmahan akasema kwa sauti ndogo. Maisara alimsikia. Hakumtazama.

Lakhbir aliinuka nyuma kabisa, akaegemea fimbo yake. "Mimi sitaki siasa ya watu," akaanza. "Lakini huyu mama tulikuwa tumemaliza maneno yote. Ilibaki kalamu tu. Huyu bwana hapo mbele akakuja, akasema ningoje, nisimpe huyu mama, nimpe yeye baadaye. Na mimi nikangoja. Masharti aliyonipa ni mazuri kwangu kweli. Kwenu ni mabaya. Hiyo ndiyo nilisikia na masikio yangu."

Hafidh alijaribu. Alisema mzee amechanganya mambo, alisema shemeji ana hasira za kushindwa, alisema mambo ya familia hayaletwi barazani. Kila alichosema kilimzamisha zaidi, maana hakuna hata mmoja pale ukumbini aliyekuwa amesahau alichojibu muda mfupi uliopita. Mateka wa maneno yake mwenyewe, akabaki amesimama. Maisara alimtazama kwa makini, bila haraka, kama mtu aliyengoja chakula muda mrefu na sasa hataki kukimeza upesi. Kilikuwa kitamu. Hatukuja hapa kusema kwamba hakikuwa kitamu.

Asmahan alimfunika mtoto, akapita katikati ya safu za viti, akatoka.

Kabla ya wiki mbili Hafidh alijiuzulu. Uchaguzi ukaitishwa upya pale pale ukumbini, kwa kunyoosha mikono, na hakuna aliyesimama kushindana na Maisara. Hafidh alikuja. Alikaa nyuma, na ilipoulizwa nani anamkubali Maisara, mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Watu wakamgeukia, wengine wakamwona muungwana. Maisara akahisi kitu kinachukuliwa mkononi mwake. Alitaka amwone ameinama, na mtu huyu alikuwa amenyoosha mkono.

Siku iliyofuata alimkuta Asmahan kituo cha basi Soho Road, na kigari cha mtoto.

"Ulikuwa na haki," Asmahan akasema kabla hajasalimiwa. "Mume wangu alikudhulumu, na nilijua, na nilikufunga mdomo. Lakini ungeniambia mapema, ningebaki nyumbani. Usingeniacha nikae safu ya pili."

"Ningekwambia, ungelia," Maisara akajibu. "Ungelia, nami ningenyamaza tena."

Asmahan alifikiri. "Kweli," akasema. "Ungenyamaza."

Basi likaja. Maisara akainama kushika upande mmoja wa kigari, wakakipandisha pamoja. Mtoto alimshika kidole, Asmahan akakitoa taratibu kidole kile kwenye kiganja cha mwanawe.

"Nije lini kumwona?" Maisara akauliza akiwa chini.

"Nitakupigia, Dada," Asmahan akasema, na milango ikafungwa.

Maisara alisimama mpaka basi likapotea kuelekea mjini. Juu ya duka la vitambaa wanachama walikuwa wanamngoja. Alitengeneza mtandio wake, akapanda ngazi kwenda kufungua kikao.